Mama wa Afisini, Mbona Waogopa Chama?

Mwisho wa mwezi ukifika, mwanamke mwenye ajira huitazama karatasi yake ya mshahara kama mpishi atazamavyo chungu, ajue kimebaki nini. Kodi imeshapita, mfuko wa hifadhi ya jamii umeshachukua chake, na mkopo wa benki nao umekata. Katika karatasi za baadhi yetu kuna mstari mmoja zaidi, wa chama cha wafanyakazi. Kwa wengi mstari huo haupo. Fomu ya kujiunga waliletewa, wakaikunja, wakaitia kwenye mtoto wa meza, na huko imelala mpaka leo.

Kazi yetu ya uuguzi, pamoja na ile ya kujitolea kanisani, hutukutanisha na akina mama wengi wa afisini hapa Unguja: makarani wa wizara, wahasibu wa makampuni, wapokezi wa mahoteli ya Mji Mkongwe, makatibu muhtasi, wasaidizi wa maabara. Kwa muda sasa tumekuwa tukiwauliza swali moja: Je, umo katika chama cha wafanyakazi? Kama humo, kwa nini? Majibu yao yametufanya tuandike ukurasa huu. Mambo ya mshahara, likizo na mkataba hayaishii mlangoni mwa afisi. Yanafika nyumbani, yanaingia jikoni, yanafika mpaka kwenye kadi ya kliniki ya mtoto.

MANENO TUNAYOYASIKIA

Jibu la kwanza, na ndilo la wengi, ni kwamba chama ni cha watu wa jasho. "Sista, chama ni cha wapagazi wa bandarini na wafagiaji wa mji," alituambia karani mmoja wa masjala. "Mimi nakaa kwenye kiti, feni iko juu ya kichwa. Nikagombee nini?"

Jibu la pili ni hofu. Mhasibu wa kampuni moja binafsi alisema kwamba mkubwa wake hajapata kumkataza mtu kujiunga, "lakini uso wake twaujua." Huyu anayo methali yake ya kujikinga: usiache mbachao kwa msala upitao. Kazi anayo, mkataba unakwisha Disemba, kwa nini ajitafutie maneno?

Jibu la tatu ni la siasa. Hapa kwetu neno "chama" lina uzito wake. Ukilitamka katika baraza au kwenye daladala watu hugeuza shingo, wakidhani unauliza habari za uchaguzi. Mama mmoja alitwambia waziwazi kwamba tangu mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, ameapa kutotia jina lake katika orodha yoyote yenye neno hilo.

Jibu la nne ni makato. "Wanakata kila mwezi, na mimi sijawaona hata siku moja."

Na liko jibu la tano, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: baba watoto hataki. Mikutano ni ya jioni, na mke wa mtu akichelewa kurudi majirani wana macho.

Majibu yote haya yana chembe ya kweli, na hatupendi kuyacheka. Lakini hebu tuyatazame moja moja, maana mengine yamesimama juu ya mambo ambayo hayako tena, na mengine juu ya mambo ambayo hayakupata kuwako.

KARANI ALIYEZALIWA MBWENI

Tuanze na hili la kwamba chama si cha watu wa kalamu. Mwaka 1891 alizaliwa Mbweni, hapa hapa Unguja, mtoto aliyekuja kujulikana kwa jina la Martin Kayamba. Alisoma katika skuli ya misheni ya Kiangilikana ya UMCA pale Kiungani, kisha akawa karani. Kazi ilimpeleka Tanga, na huko mwaka 1922 aliwakusanya makarani wenziwe wakaunda umoja wa watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, uliojulikana kwa herufi za TTACSA. Waliingia Wakristo na Waislamu pamoja, na hawakuulizana makabila.

Watu hao hawakubeba magunia. Walikuwa watu wa kuandika barua na kutunza majalada, na baadhi yao walikuwa na vyeo ambavyo Mwafrika wa zama zile alivionea fahari. Hata hivyo waliona kwamba karani mmoja akienda peke yake kwa mkubwa wake ni mwombaji, lakini makarani wakienda pamoja ni watu wenye hoja. Mwaka 1931 Kayamba mwenyewe alikuwa mmoja wa Waafrika watatu wa Tanganyika waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki.

Kalamu hazikukoma hapo. Katika miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, mtumishi wa serikali, alikuwa rais wa chama cha watumishi wa serikali wa Tanganyika. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilipoundwa mwaka 1955, yeye ndiye aliyekuwa katibu mkuu wake wa kwanza. Miaka saba baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Kwa hiyo mama anayesema vyama havina mahali pa mtu wa afisini anawasahau watu wa afisini waliovijenga.

MWAKA WA MGOMO

Ni kweli pia kwamba wapagazi walifanya kazi kubwa. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na mji mzima ukasimama kwa karibu wiki mbili. Septemba ya mwaka huo huo ikawa zamu ya bandari ya Dar es Salaam. Na mwaka 1948, mwezi wa Agosti, wapakuzi wa meli wa bandari yetu ya Unguja waliweka kazi chini. Maisha yalikuwa yamepanda, ujira haukupanda. Kufika Septemba mgomo ulikuwa umeenea mjini, na hata watumishi wa majumbani waliacha majiko ya mabwana zao.

Wazee wetu wengine walisimuliwa habari hizo na mama zao, jinsi chakula kilivyokuwa adimu sokoni na jinsi mji ulivyonyamaza. Mgomo si kitu cha kufurahia. Mwenye watoto anajua kwamba siku bila ujira ni siku bila unga.

Mwezi mmoja tu kabla ya mgomo ule, Julai 1948, wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walikuwa wamekutana San Francisco, Marekani, wakapitisha Mkataba Namba 87 juu ya uhuru wa wafanyakazi kujiunga katika vyama. Mwaka 1949 wakapitisha mwingine, Namba 98, unaomlinda mfanyakazi asibaguliwe kwa sababu ya chama chake, na unaotaka pande mbili zijadiliane. Tanzania imeridhia yote miwili. Huo wa 1948 iliuridhia mwaka 2000.

KWA NINI NENO HILI LINATISHA

Sasa hili la siasa. Hofu ya akina mama wenye umri wetu na zaidi haikutoka hewani. Kabla ya Mapinduzi ya 1964, vyama vya wafanyakazi vya Unguja viligawanyika kwa kufuata vyama vya siasa, na ugomvi wa barazani ukaingia mpaka kazini. Baada ya Mapinduzi vyama vile vikavunjwa, vikatiwa chini ya umoja mmoja, na baadaye mambo ya wafanyakazi yakachukuliwa na Chama cha Afro-Shirazi chenyewe. Kule Bara nako TFL ilivunjwa mwaka 1964, ikaja NUTA. CCM ilipozaliwa mwaka 1977, haikupita muda ikaundwa JUWATA, mwaka 1978, iliyokuwa jumuiya ya chama tawala kwa Bara na Visiwani.

Wakati wa JUWATA mfanyakazi hakujiuliza kama ajiunge. Alijikuta yumo. Alikatwa, akaandamana Mei Mosi, na viongozi walitazama zaidi juu kuliko chini. Aliyeonja hali hiyo ana haki ya kukunja uso.

Lakini mambo yamebadilika, na ni vizuri mama msomaji ajue. JUWATA iliondoka mwaka 1991. Bara vikaja vyama vinavyojitegemea, kama kile cha walimu, CWT, kilichoandikishwa 1993, na tangu 2001 liko shirikisho lao, TUCTA. Kwetu Zanzibar sheria ya vyama vya wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2001, kisha ikaja Sheria ya Mahusiano Kazini, Namba 1 ya mwaka 2005, pamoja na Sheria ya Ajira, Namba 11 ya mwaka huo huo. Shirikisho letu ni ZATUC. Ndani yake mna vyama vya kazi mbalimbali: walimu wana ZATU, watumishi wa umma na afya wana ZUPHE, na wafanyakazi wa mahoteli na wa majumbani wana ZATHOCODAWU.

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inautambua uhuru wa mtu kushirikiana na wenziwe. Kujiunga ni hiari, na kutojiunga ni hiari. Wako waliowekwa kando na sheria, kama vile askari na majaji, lakini karani, mhasibu na katibu muhtasi hawamo katika hao. Ukiona mtu anakwambia kwamba kadi ya chama cha wafanyakazi ni kadi ya siasa, muulize ni ya chama gani cha siasa. Hatakuwa na jibu.

UGONJWA WETU WA MUHALI

Tukisema kweli, kikwazo kikubwa kuliko hivyo vyote hakimo katika sheria. Sisi watu wa visiwani tunaoneana muhali. Mkubwa wa kazi ni mjomba wa shemeji yako, au mmekua mtaa mmoja, au alikuja mazikoni kwenu. Utamdai vipi haki yako mtu kama huyo? Muhali ni tabia njema katika ujirani, nasi hatutaki uondoke. Lakini muhali haununui maziwa ya mtoto.

Tumpe mfano mama mmoja aliyefika kliniki na mtoto wa miezi mitatu. Ni karani katika kampuni binafsi hapa mjini, mkataba wake wa mwaka mmoja mmoja. Alijifungua salama. Wiki ya sita alirudi kazini, kwa kuwa aliambiwa na mwenzake kwamba kiti chake kinatafutiwa mtu. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwandikia barua. Alirudi kwa hofu tu. Mchana maziwa yakamjaa, akayakamua chooni na kuyamwaga. Baada ya mwezi yakapungua, mtoto akaanzishwa uji mapema, akaharisha, na mstari wa uzito kwenye kadi yake ukaanza kuteremka. Sisi wauguzi humhimiza kila mama anyonyeshe bila kumpa mtoto kitu kingine mpaka miezi sita. Mama huyu alitusikiliza, akatikisa kichwa, akauliza: "Sista, nitanyonyesha na nani atalipa nyumba?"

Tulimuuliza kama anaijua Sheria ya Ajira, ambayo inampa mama aliyejifungua likizo yenye malipo. Alijua kwa kusikia. Tukamuuliza mbona hakulipeleka shauri lake panapohusika. Akasema mwenye kampuni anahusiana na mumewe. Mwisho wa mwaka mkataba haukuendelezwa. Mtoto, Mungu ashukuriwe, alipata nafuu, lakini kazi haikurudi.

Tuweke kando yake afisi nyingine, ambako wanawake sita wenye kadi za chama walimwomba mwakilishi wao wa tawi azungumze na uongozi kuhusu likizo ya uzazi. Hakuna aliyepiga kelele wala kufunga mlango. Mwakilishi aliandika barua, akakaa na mkuu wa utumishi mara mbili. Walichopata ni kwamba tarehe za kwenda na kurudi likizo ziandikwe na kutiwa sahihi kabla mama hajaondoka, na mtu wa kumshikia nafasi ajulikane kuwa ni wa muda. Waliomba pia chumba cha kunyonyeshea. Hicho walinyimwa, wakaambiwa nafasi hakuna, na mpaka sasa bado wanakidai. Hawakupata yote, lakini walichopata kimeandikwa, na mwenye kuja baada yao atakikuta.

Tazama tofauti iliyoko hapo. Mwakilishi hakuwa na jeuri kuliko yule karani. Alichokuwa nacho ni kwamba alisema kwa niaba ya watu, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba analo lake binafsi. Hata muhali ulipata pa kupumulia, kwa sababu hakuna mwanamke mmoja aliyelazimika kumkabili jamaa yake uso kwa uso.

JE, CHAMA MAANA YAKE NI MGOMO?

Wengi hudhani hivyo. Sisi tunaofanya kazi wodini tungekuwa wa kwanza kukimbia kama ingekuwa hivyo, maana mgonjwa hawezi kuambiwa asubiri mpaka mishahara ipande. Sheria zenyewe, za Bara na za Visiwani, huziweka huduma za hospitali katika kundi la huduma muhimu, ambako mgomo umefungwa. Mwaka 2012 madaktari wa Bara waligoma, wagonjwa wakaumia, na kiongozi wao mmoja, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa na kupigwa vibaya mwezi Juni. Hakuna mwenye akili anayetaka kurudia mwaka ule.

Kazi ya kila siku ya chama ni nyingine. Ni kujadiliana na mwajiri na kutia sahihi mkataba wa hali bora za kazi. Ni kumsindikiza mwanachama anapoitwa kujibu mashtaka ya nidhamu. Ni kumsaidia kupeleka shauri lake kwenye kitengo cha kushughulikia migogoro ya kazi, na likishindikana huko, mahakamani. Mgomo umewekwa mwisho kabisa wa njia, baada ya usuluhishi, na una masharti yake.

Wala chama hakishindi kila mara. Mei 2010 TUCTA ilitaka kima cha chini cha shilingi 315,000 kwa mwezi na kutangaza mgomo. Rais Kikwete aliwaambia wazee wa Dar es Salaam, hadharani, kwamba serikali haina uwezo huo, na mgomo ukasitishwa. Miaka ikapita. Mei Mosi ya mwaka 2025, mjini Singida, Rais Samia alitangaza kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Nyongeza kama hiyo ikitoka haiulizi nani ana kadi na nani hana. Humfikia aliyekaa vikaoni miaka kumi na aliyeikunja fomu yake. Hapo kila mmoja wetu ajiulize mwenyewe kama inapendeza kula pilau ya shughuli ambayo hukuchangia hata kitunguu.

MAKATO NA MANUNG'UNIKO

Hatuwezi kuliruka hili, maana mama ndiye mweka hazina wa nyumba. Huko Bara makato ya asilimia 2 ya mshahara wa mwalimu yamekuwa chanzo cha manung'uniko kwa miaka mingi. Kwa mwenye mshahara wa shilingi 500,000, asilimia 2 ni shilingi 10,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka. Hiyo ni sare na viatu vya watoto. Sheria ya Bara ya mwaka 2004 inaruhusu hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala mahali ambapo chama kina wafanyakazi wengi, na wako walioona wamekatwa kabla hawajaulizwa.

Malalamiko hayo ni ya haki. Fedha ya mwanachama ni amana. Lakini tujiulize nani atamuuliza kiongozi hesabu kama wenye uchungu na fedha zao hawaji mkutanoni. Katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa tunajua kufungua sanduku mbele ya watu wote na kuhesabu kwa sauti. Mwanamke anayeweza kumbana mshika fedha wa kikundi kwa shilingi 2,000 anaweza pia kuuliza tawi lake: mwaka huu mmekusanya kiasi gani, mmetumia kwa nini, na mmesimamia mashauri mangapi? Chama ambacho wanawake wamekaa kimya ndani yake hakiwezi kushangaza kikisahau likizo ya uzazi.

MKRISTO NA CHAMA

Wako waliotuuliza kama mtu wa kanisani anapaswa kuingia katika mambo haya ya kudai. Mwaka 1891, mwaka ule ule aliozaliwa Kayamba, Papa Leo wa 13 aliandika barua maarufu kwa Kanisa zima juu ya hali ya wafanyakazi, akatambua haki yao ya kuunda vyama na kupata ujira wa kutosha kuishi. Waraka wa Yakobo, sura ya tano, una maneno makali kwa tajiri anayezuia ujira wa waliovuna mashamba yake.

Sisi hupenda zaidi habari ya mabinti watano wa Selofehadi, katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, na desturi ikawanyima urithi. Hawakununa nyumbani. Walikwenda wote watano, wakasimama mbele ya Musa na wakuu, wakasema hoja yao kwa heshima, na Bwana akasema wana haki. Hatudhani binti mmoja peke yake angefika mpaka mlangoni pa hema.

JIKONI KWETU

Kabla hatujamaliza, tugeuke kidogo. Mama wa afisini anayeomba haki kwa mwajiri wake, mara nyingi yeye mwenyewe ni mwajiri. Yuko binti nyumbani, anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto, anafua, anapeleka mtoto skuli, na analala wa mwisho. Je, ana mkataba? Ana siku ya mapumziko? Akiugua analipwa? Na siku akikwambia, "Mama, nimejiunga na chama cha wafanyakazi wa majumbani," uso wako utakuwaje? Utakuwa kama ule wa mkubwa wako wa kazi, uso ambao "twaujua"?

Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 juu ya wafanyakazi wa nyumbani, unaosema kwamba nao ni wafanyakazi kama wengine, wenye haki ya kukutana na kujiunga. Hapa Zanzibar wana chama chao tayari. Hatuwezi kutaka mlango ufunguliwe juu huku tumekaa juu ya ufunguo wa chini.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Hatumwambii kila mama akimbilie fomu kesho asubuhi. Tunamwomba aitoe kwenye mtoto wa meza, aisome, kisha aulize haya:

Kwanza, chama hiki kimeandikishwa, na kinahusu kazi ya aina yangu? Kwa Zanzibar sheria hutaka chama kiwe na watu wasiopungua 50 ili kiandikishwe. Kwa Bara ni 20.

Pili, ada ni kiasi gani, na nikitaka kutoka natokaje? Pata jibu la maandishi.

Tatu, nani mwakilishi wa tawi hapa kazini, na amewahi kumsimamia nani? Zungumza na huyo aliyesimamiwa.

Nne, uko mkataba wa hali bora za kazi na mwajiri wetu? Kama uko, omba nakala. Soma sehemu ya likizo ya uzazi kwanza.

Tano, mikutano hufanywa saa ngapi? Ikiwa ni ya usiku, ombeni ihamishiwe mchana. Akina mama wa afisi moja wakiomba pamoja, saa hubadilika, na baba watoto naye hukosa la kusema. Kaa naye umweleze kwa upole, umwonyeshe karatasi. Wanaume wengi tuliozungumza nao hawakuwa na kinyongo na chama, walikuwa hawajui ni kitu gani.

Na hata usipojiunga, weka nakala ya mkataba wako wa kazi nyumbani, pamoja na vyeti vya watoto na kadi zao za kliniki. Karatasi za mshahara usizitupe. Tumeona akina mama wakishindwa katika haki iliyo wazi kwa kukosa karatasi moja tu. Yule karani wa mtoto wa miezi mitatu alipoambiwa mkataba umekwisha, nakala yake mwenyewe hakuwa nayo. Ilikuwa imefungiwa katika kabati la mwajiri.